Shilingi 5,000 kwa mkazi: hesabu ya afya ya akili Njombe

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Njombe na wakazi 889,946. Mwaka 2022 pia, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na skizofrenia. Uwiano huo ukishika hapa, mkoa una wagonjwa wapatao 2,970 wa ugonjwa huo pekee. Wenye sonona, wenye kifafa na walioshindwa kuachana na pombe ya ulanzi hawamo.

Mpe kila mmoja wa hao 2,970 miadi moja kwa mwezi. Yatakuwa mahudhurio karibu 35,600 kwa mwaka. Kwa siku 250 za kazi, wagonjwa 142 kila siku. Kliniki moja ya hospitali ya mkoa itaelemewa. Wagawe katika vituo vya afya na zahanati 100, na kila kituo kitapokea mmoja au wawili kwa siku. Muuguzi wa zahanati anaimudu kazi hiyo.

Nafuu kubwa ni ya familia. Mgonjwa wa Makambako anayepelekwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, husafiri zaidi ya kilomita 400 kupitia Iringa, tena na ndugu wa kumsindikiza aliyeacha shamba au genge. Njombe mjini penyewe ni kilomita 60 hivi. Dawa nyingi, kumbe, si ghali: WHO inasema dawa za kifafa zaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, yaani shilingi 12,500 tukikadiria dola moja kwa 2,500. Anayeacha dawa huenda ameshindwa nauli.

Huduma nzima ingegharimu kiasi gani? Mwaka 2007, watafiti katika jarida la Lancet walikadiria dola 2 kwa mkazi kwa mwaka katika nchi maskini, kwa skizofrenia, sonona, ugonjwa wa hisia mseto na ulevi. Kwa Njombe ni shilingi bilioni 4.4, na bei zimepanda tangu hapo.

Madaktari bingwa wa akili nchini hawafiki 100, kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa 2022. Ndiyo maana mpango wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili (mhGAP), ulioanzishwa na WHO mwaka 2008, unawalenga wasio mabingwa. Huko Harare, utafiti wa 2016 uliwafuatilia watu 573. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya walioshauriwa na wahudumu wa jamii, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Tanzania nayo ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa jamii 137,294.

Njombe ina pa kuanzia. Katika utafiti wa 2022–2023, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote, kwa hiyo kliniki za matibabu ya VVU (CTC) zimeshazoea rejesta, tarehe za miadi na kumfuata aliyepotea. Maswali machache ya sonona yanaweza kuulizwa palepale.

Halmashauri ya Mji wa Makambako ikipata fedha kidogo, isianze na jengo. Ianze na dawa zisizokatika, kisha mafuta ya gari la msimamizi anayezungukia zahanati kila robo mwaka. Semina ya siku tano isiyofuatiwa na usimamizi ni posho iliyopotea.