Je, Wajua? Cheni ya Pikipiki Hulegezwa kwa Makusudi

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mkoa wa kupanda na kushuka. Huku kuna milima ya Ileje, kule uwanda wa kahawa wa Mbozi, na chini kabisa Kamsamba na mpunga wake katika bonde la Rukwa. Barabara kuu ya Zambia inapita Mlowo na Vwawa hadi Tunduma. Ukishaiacha lami, mzigo mwingi hubebwa na pikipiki. Na nguvu yote inayosukuma pikipiki hiyo hupitia kwenye utepe wa chuma wenye upana wa sentimita mbili hivi: cheni.

Cheni ya aina hii ina umri mkubwa kuliko pikipiki zote za mjini. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1880. Cheni yake ina bushi na rola juu ya kila pini, ili ijiviringishe kwenye meno ya spoketi badala ya kuyakwaruza. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia cheni namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, ni idadi ya thumuni za inchi kati ya pini na pini: nusu inchi, yaani milimita 12.7.

Inavutika kweli?

Vijiweni husemwa cheni "imevutika". Ukweli ni kwamba kinacholika ni pini na bushi, ndani, pasipoonekana. Kila kiungo kikiongezeka milimita 0.1 tu, cheni ya viungo 100 imerefuka sentimita nzima. Na kulika hakukosi nafasi: kila kilomita moja cheni huzunguka takribani mara 200. Unaweza kuipima nyumbani kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya 21, cheni mpya ya 428 ina milimita 254. Ikifika 259, imekwisha.

Kwa nini ilegee

Kosa la wengi ni kukaza cheni mpaka itulie kimya. Tairi la nyuma hupanda na kushuka pamoja na shokapu, na umbali kati ya spoketi mbili hubadilika. Umbali huo huwa mkubwa zaidi pale ekseli ya nyuma, egemeo la mkono unaoshika tairi la nyuma na spoketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja, hali inayotokea mzigo unapokandamiza shokapu. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu itavutwa kama uzi wa gitaa ikipakiwa magunia mawili ya mahindi, na watakaolipa ni beringi, spoketi na cheni yenyewe.

Ili kupima ulegevu, zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Sukuma sehemu ya chini ya cheni kwa kidole, juu na chini. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha tairi kwa mkono upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Usiipime wala kuisafisha injini ikiwaka, utapoteza vidole. Ukirekebisha, hakikisha alama za ekseli za kushoto na kulia zinalingana, la sivyo tairi litakaa upande.

Vumbi na oili chafu

Kiangazi, vumbi jekundu likichanganyika na oili hugeuka dawa ya kusagia chuma. Ndiyo maana oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai: imeshabeba chembe za chuma. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha dondosha oili ya giaboksi upande wa ndani. Ikizunguka itasambaa yenyewe kuelekea nje. Masika, rudia kila baada ya matope.

Ukiongeza, hesabu

Wapandao milima hupenda kufunga spoketi ndogo mbele. Ukitoka meno 14 kwenda 13, huku nyuma yakibaki 42, mvuto huongezeka karibu asilimia 8 na mwendo wa kila gia hupungua. Lakini cheni hukunjwa zaidi kwenye duara dogo, hivyo hulika upesi. Kerio kubwa la mizigo nalo hukaribisha mzigo mkubwa, na cheni ndiyo huuvuta. Kifaa chenye faida ya moja kwa moja ni kava linaloifunika cheni yote. Honda iliuza Super Cub ikiwa na kava la namna hiyo tangu 1958.

Siku ya kubadilisha, nunua seti: cheni na spoketi zote mbili, maana meno yaliyolika huila cheni mpya mapema. Na klipu ya kiungo ikifungwa, upande wake uliozibwa uelekee inakokwenda cheni. Ukielekea nyuma, jiwe moja tu laweza kuing'oa njiani.