Kicheko cha Wodini: Riwaya za Daktari Kijana na Kiswahili cha Mbulu na Hanang'



Mwaka 1952 daktari wa nusukaputi wa Uingereza, Gordon Ostlere, alichapisha kwa jina la Richard Gordon riwaya cheshi iitwayo Doctor in the House. Riwaya hiyo inahusu wanafunzi wa udaktari katika hospitali ya kubuni ya St Swithin's. Ilifuatwa na filamu mwaka 1954, mfululizo wa redio ya BBC mwaka 1968, na mfululizo wa televisheni mwaka 1969. Katika riwaya, mwanafunzi husimulia kwa nafsi ya kwanza na kujicheka mwenyewe. Katika filamu, hadhira huvutwa pia na mpasuaji bingwa Sir Lancelot Spratt, mwenye ndevu na sauti ya radi. Fani ilibadilika, lakini shabaha ya kicheko ilibaki: mkubwa anayejikweza na mwanagenzi asiyejua.

Je, kicheko hicho chaweza kuvuka hadi Kiswahili? Katika filamu, Spratt anauliza damu huchukua muda gani kabla ya kuganda. Mwanafunzi anamtajia saa ilivyo. Utani huo umesimama juu ya neno moja la Kiingereza lenye maana ya kutoka damu na pia ya kulaani. Ukifasiriwa, unakufa. Mfasiri hana budi kutafuta kicheko kingine mahali pengine.

Ninapendekeza atafute Mbulu na Hanang', mkoani Manyara. Katika eneo hili ambamo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imetoa huduma tangu mwaka 1955, hukutana Kiiraqw, ambacho ni Kikushi. Kidatooga, ambacho ni Kinailo. Lugha za Kibantu. Na Kihadza, ambacho hakijathibitika kuwa na nduguye. Kiswahili huwa daraja, lakini daraja lenyewe lina mashimo. Mgonjwa akisema anaumwa chembe cha moyo, tabibu mgeni wa usemi huo aweza kuusikiliza moyo kwa makini, ilhali maumivu yako chini ya kidari, penye tumbo. Hata cheo kina utani wake: Mganga Mkuu wa Wilaya ni mtumishi wa serikali mwenye shahada, na mganga wa kienyeji anamshirikisha jina lilelile.

Hapa pana hatari. Mwandishi mvivu, hasa wa redio ambako sauti ndiyo sura ya mhusika, ataichekesha hadhira kwa lafudhi ya bibi wa Kiiraqw au mzee wa Kidatooga. Huko ni kuigeuza shabaha. Bibi huyo anajua lugha yake kikamilifu na anajua panapomuuma. Asiyejua ni daktari. Kicheko kikimwangukia bibi, msikilizaji wa Dongobesh au Katesh atajifunza kunyamaza mbele ya daktari, na mgonjwa anyamazaye hutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa hiyo, riwaya ya daktari kijana wa Mbulu na isimuliwe na daktari mwenyewe, akiyakiri makosa yake, huku muuguzi mkalimani akiwa ndiye mwenye hekima. Ikipelekwa redioni, sauti ya msimulizi huyo isiondolewe, kwani ndiyo inayomwelekeza msikilizaji amcheke nani.