Majonzi ya Mja Mzito si Upungufu wa Imani

Mwanamke apatapo himila, watu wa nyumbani hulitazama tumbo lake. Huulizwa kama amekula, kama miguu imemvimba, kama mtoto acheza. Ni wachache wamuulizao moyo wake u hali gani. Na akionekana analia pasipo sababu iliyo dhahiri, upesi huambiwa amshukuru Mola wake, kwani wako wengi waitamanio neema hiyo wasiipate. Maneno hayo yana ukweli, walakini humfunga mdomo aliye mgonjwa, akadhani ya kuwa huzuni yake ni kufuru.

Na tuitazame Qur'ani Tukufu. Katika Sura ya Maryam twasimuliwa jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, naye akatamani lau angalikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa kabla ya siku ile. Huyu ndiye aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Je, alikemewa? La. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji na tende mbivu, akaamrishwa ale, anywe na atulie. Alipewa faraja na haja ya mwili wake, lawama haikutajwa. Basi sisi twaitoa wapi?

Majonzi haya yakizidi huwa ni maradhi, na matabibu huyaita sonona. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa ulimwenguni wajawazito wapatao 10 katika kila 100, na waliojifungua karibuni wapatao 13 katika kila 100, hupatwa na maradhi ya akili, na yaliyo mengi ni hayo. Katika nchi maskini hesabu huzidi. Dalili zake ni huzuni isiyoondoka kwa muda wa majuma mawili au zaidi, usingizi kupotea hata nyumba ikiwa kimya, chakula kutopendeza, kutofurahia alichokuwa akikifurahia, na kujiona hana thamani. Uchovu wa mimba hupungua mtu akipumzika. Maradhi haya hayapungui kwa kulala.

Mfano mwema umetoka kwa ndugu zetu wa Pakistan, katika vijiji vya Rawalpindi. Daktari Atif Rahman na wenziwe waliwafundisha wanawake wa afya wa vijiji hivyo, wasio matabibu, namna ya kukaa na mja mzito mwenye sonona, kumsikiliza, na kumsaidia kuyapima mawazo yake ya kukata tamaa na kuyageuza kidogo kidogo kwa vitendo. Walianza katika mwezi wa mwisho wa mimba, wakaendelea baada ya kuzaa. Hawakumpa dawa. Wala hawakuingia nyumbani wakisema, "Tumekuja kumtazama mgonjwa wa akili." Waliingia kwa mazungumzo ya siha ya mtoto, jambo ambalo mume na mkwe hulipenda sawasawa, na hivyo jamaa nzima ikashirikiana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipotimiza miezi 6, katika kina mama waliosaidiwa hivyo, 23 katika kila 100 walikuwa wangali wagonjwa. Na katika wale waliotembelewa vile vile lakini na watu wasiopewa mafunzo hayo, walikuwa 53. Hapa pana zingatio: kumjulia hali mgonjwa ni wema, lakini kumsikiliza kwa maarifa ni tiba.

Basi wewe mume, muulize mkeo, kisha nyamaza umsikilize. Mpunguzie kazi, na ufuatane naye kliniki. Na wewe mama mkwe, usiseme, "Sisi tulizaa wanane wala hatukulia." Huenda mlilia, ila hapakuwa na wa kuwafuta machozi. Wala tusikimbilie kusema ana shetani, tukamzungusha kwa waganga, ilhali siku zapita.

Nawe bibi uliye katika hali hii, mweleze mkunga au daktari wako kama unavyomweleza maumivu ya mgongo. Kumweleza tabibu si kutoa siri za nyumba, wala si kumnung'unikia Mungu. Ikiwa ulikuwa ukitumia dawa za maradhi haya kabla ya mimba, usiziache ghafula. Muulize daktari kwanza. Na likikujia wazo la kujidhuru, mwambie mtu saa hiyo hiyo, nawe upelekwe hospitali siku hiyo, usingoje kesho.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tujitibu, akatujulisha ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Sala, dua na kusoma Qur'ani ni nguvu ya moyo, na tabibu ni sababu aliyotuwekea Mola. Hayo mawili hayagombani, na mja mzito ana haki ya kupewa yote mawili.