Je, Wajua? Bolti ya Bunduki, Bolti ya Gerezani na Kutu ya Pwani

Ukitoka Msimbazi ukashuka Gerezani, Dar es Salaam, maduka ya vifaa yanauza chuma cha kila rangi: cheusi, cheupe, cha manjano, cha dhahabu. Rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Ni kinga dhidi ya kutu, na kadhaa kati ya hizo hutumika pia kwenye bolti ya bunduki, yaani kile kipande chenye mkono kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kuingiza risasi na kufunga chemba. Anayeelewa kwa nini bolti ya bunduki hupakwa hiki na haipakwi kile, ataelewa pia anunue bolti gani ya geti lake la Upanga.

Je, wajua kwamba bolti ya Mauser 98, bunduki mpya kuliko zote walizokuwa nazo askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki mwaka 1914, haikupakwa chochote? Mtutu ulitiwa weusi, bolti ikaachwa chuma cheupe kilichong'arishwa. Kinga yake ilikuwa kitambaa chenye mafuta na askari asiye mvivu.

Je, wajua kwamba weusi wa bunduki ni aina ya oksaidi ya chuma, kama kutu ilivyo? Tofauti ni kwamba kutu nyekundu huvimba na kubanduka, ikiacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Oksaidi nyeusi, magnetaiti, hushikamana na chuma. Lakini ni nyembamba mno: takriban mikroni 1, wakati unywele wa mtu hufikia mikroni 70 hivi. Peke yake haizuii hewa ya bahari. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta.

Weusi huohuo uko Gerezani. Chukua bolti nyeusi yenye namba 12.9 kichwani, itoe kwenye pakiti yake, nawe utaona vidole vimebaki na mafuta. Mafuta hayo ni nusu ya kinga. Ukiifuta ikakauka vizuri, kisha ukaifunga nje kwenye nyumba inayotazama bahari, utakuwa umenunua nguvu nyingi na kinga kidogo sana.

Je, wajua kwa nini bolti ya bunduki haichovywi kwenye zinki ya moto kama nguzo za umeme? Kwanza, zinki hiyo huyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450 za selsiasi, joto linaloweza kuharibu ugumu ambao kiwanda kiliutia kwenye bolti kwa makusudi. Pili, unene. Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na vichwa vya bolti vya saizi 4, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi arekebishe nafasi iliyopo kati ya bolti na kitako cha risasi. Saizi moja ilizidi nyingine kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Zinki ya kuchovya yenyewe hufikia mikroni 45 hadi 85. Yaani ukiichovya bolti umebadilisha saizi yake bila kujua, na nafasi hiyo ikikosewa, risasi inaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Hata nati za bolti za zinki ya moto hukatwa hesi pana zaidi ili ziingie. Ndiyo maana nati ya kawaida ukiilazimisha kwenye bolti hizo inakwama.

Je, wajua kwamba kinga ya fosfeti, ile ya rangi ya kijivu isiyong'aa, ilipata hataza Uingereza mwaka 1906 kwa jina la Thomas Coslett wa Birmingham? Ni ya vinyweleo, hunywa mafuta vizuri kuliko weusi, na baadaye majeshi mengi yaliichagua.

Je, wajua kwamba zinki na kromu hulinda kwa njia zinazopingana kabisa? Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe, kwa hiyo hata ikikwaruzwa kidogo bado inalinda. Kromu ni ukuta. Ukuta ukiwa mzima hakuna kinachopita, lakini ukitoboka, chuma cha chini huliwa pale pale kwenye tundu, kwa kasi. Tazama fimbo ya shokapu iliyochoka: imejaa vidoti vya kutu, na kila kidoti kinachana sili ya mafuta. Ukinunua shokapu ya mtumba, pitisha kucha juu ya fimbo kabla hujatoa hela.

Pamoja na hayo, kromu ngumu imeokoa bunduki nyingi. Arisaka ya Wajapani ya mwaka 1939 ilipakwa kromu ndani ya mtutu, na AK ya Warusi ikafuata mkondo huo. Wamarekani waliipeleka M16 Vietnam ikiwa na chemba isiyo na kromu. Katika unyevu ule chemba zikala kutu, maganda ya risasi yakang'ang'ania ndani, na askari wakafa wakihangaika kuyatoa. Baadaye chemba ikatiwa kromu. Joto na unyevu wa Vietnam haviko mbali na vyetu.

Je, wajua kwamba bolti ngumu inaweza kukatika yenyewe siku chache baada ya kutiwa zinki ya umeme? Tindikali ya kusafishia na umeme wa kupakia huingiza haidrojeni ndani ya chuma. Kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo kinavyopasuka kirahisi. Kiwanda makini huioka bolti kwa nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa mara baada ya kuipaka. Kwa hiyo bolti ya 12.9 inayong'aa nyeupe kwa bei ya kutupa ni ya kuogopa, hasa ikienda kwenye gari.

Je, wajua kwamba ile rangi ya dhahabu ya drili biti za Kariakoo ni naitraidi ya titani, mikroni chache tu, nayo hupakwa pia kwenye bolti za bunduki za mashindano? Ni ngumu kuliko chuma cha pua. Naitraidi ya kawaida ni kitu kingine: haikai juu ya chuma, huingia ndani yake, hivyo vipimo havibadiliki kwa kiasi cha kuleta tabu. Kwa bolti ya bunduki ya kuwindia inayolala Dar es Salaam, mimi ningechagua hiyo, kisha mafuta mepesi.

Je, wajua kwamba mafuta hayaondoi chumvi? Risasi za zamani ziliwashwa kwa kemikali iliyoacha chumvi mtutuni na usoni mwa bolti, na chumvi huvuta unyevu. Dawa ilikuwa maji ya moto, kukausha, halafu mafuta. Waingereza walikuwa na faneli maalumu ya kumiminia maji hayo. Anayepaka mafuta juu ya chumvi anaifungia kutu ndani.

Aprili 1915 chumvi ilikaribia kuwashinda Wajerumani. Meli yao Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilipigwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Bunduki na risasi nyingi ziliopolewa majini, na risasi zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa.

Je, wajua kwamba Sanamu ya Askari ya Barabara ya Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, haiwezi kupata kutu nyekundu? Ni shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba na bati. Hewa ya bahari huipaka rangi ya kijani, na rangi hiyo huilinda.

Je, wajua kwamba nondo za jengo la Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, zinalindwa na saruji? Saruji ina ukali wa alkali unaofunika nondo kwa utando usioonekana. Chumvi huuvunja. Mchanga wa baharini kwenye zege ni kosa la miaka mingi ijayo.

Je, wajua kwamba oili chafu, inayopakwa sana kwenye mageti na bawaba, ina masizi, unga wa chuma na tindikali za injini? Tumia oili mpya. Kijiko kimoja kinatosha bawaba zote za nyumba.

Je, wajua kwamba Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na fundi wa silaha lazima awe na leseni? Bolti ya geti mpelekee fundi yeyote wa Gerezani. Bolti ya bunduki, hata kwa kuipaka tu, ipeleke kwa mwenye leseni, ukiwa na leseni yako ya umiliki mkononi.