Kadi za kale mtandaoni: kagua kadi kabla ya cheti

Kadi za zamani za wachezaji wa besiboli wa Marekani zinauzwa kwa wingi kupitia mtandao, na bei zake zimewavutia waghushi. Agosti 2022, kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6.

Kipimo cha kwanza ni rula. Kadi ya Topps ya 1952 ina upana wa sentimita 6.7 na urefu wa sentimita 9.5. Topps yenyewe iliichapa upya seti hiyo mwaka 1983 kwa umbo dogo zaidi, sentimita 6.4 kwa 8.9. Kuna wauzaji wanaozisugua nakala za aina hiyo pembeni ili zionekane kuukuu.

Pili ni lenzi. Kwenye kadi nyingi za zamani herufi na mistari vilichapwa kwa wino mzima. Nakala iliyopigwa kwa skana huonyesha vitone hadi ndani ya herufi.

Tatu ni taa ya urujuanimno, ile ile ya kukagulia noti. Karatasi za kabla ya miaka ya 1940 hazikutiwa kemikali ya kung'arisha. Kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 ikiwaka buluu, ni ya kughushi. Hata hivyo, isipowaka bado haijathibitika, kwani waghushi wengine hutumia karatasi kuukuu.

Cheti husaidia, lakini hakitoshi. Kadi ya Honus Wagner, ya kati ya 1909 na 1911, ilipewa alama 8 kati ya 10 na kampuni ya ukaguzi ya PSA. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kadi ilikuwa halisi, ila hali yake haikuwa ile iliyoandikwa.

Makasha ya plastiki na namba za vyeti navyo hughushiwa. Mnunuzi ailinganishe kadi na picha iliyo kwenye kumbukumbu za mkaguzi, pale inapopatikana.

Kabla ya kulipa, aombe picha za mbele, nyuma na kingo, kadi ikiwa kando ya rula, pamoja na masharti ya kurudisha kwa maandishi. Muuzaji akikataa, ni heri kuiacha biashara hiyo.