Ikianguka Nani Ataiinua?

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Methali hiyo ilinizunguka kichwani Jumamosi moja alfajiri, nilipokuwa nimesimama uani kwa jirani yangu hapa Ongata Rongai, mkononi nimeshika ufunguo wa pikipiki isiyokuwa yangu. Mbachao wangu ni Yamaha AG ya cc 100, ambayo nimeipanda kwa muda wa miaka 22. Msala wenyewe ni Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyosimama mbele yangu kama ngamia miongoni mwa mbuzi.

Jirani yangu ni kijana anayekwenda ng'ambo kwa masomo, na pikipiki hiyo alitaka kuiuza kabla ya kuondoka. Bei aliyotaja ilitosha kununua ng'ombe watatu wazuri wa gredi. Nilimwambia kwamba mtu hanunui ng'ombe bila ya kumwona akikamuliwa. Akacheka, akasema, "Ni sawa, mzee. Ichukue kutwa nzima. Lakini utakachovunja utalipa." Hayo yalikuwa maneno ya haki, na tukapeana mikono.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Pesa nilizokuwa nazo ni za kiinua mgongo, na mke wangu alikuwa amekwisha kuzitafutia kazi: tangi kubwa la maji, kwani kila msomaji anayeishi Rongai ajua shida tuliyo nayo ya maji. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo dude likianguka nawe huko porini, peke yako, nani ataliinua?" Nilikosa jibu. Nilitoka nje nikajifanya kwamba naangalia kuku.

Safari niliyoikatiza

Yafaa nieleze kwa nini mtu wa miaka 58 aanze kutamani pikipiki kubwa. Nilifanya kazi ya mifugo kwa miaka mingi, nikichanja ng'ombe na kuwafundisha watu kuogesha wanyama wao. Katika kazi hiyo Yamaha AG haina kifani. Iliundwa kwa ajili ya shamba. Ina keria mbele na nyuma, cheni yake imefunikwa yote isiingiwe na vumbi, na uzito wake ni kilo mia moja hivi. Ikianguka unaiinua kama mtoto aliyejikwaa. Fundi yeyote chini ya mti aweza kuifungua na kuifunga kabla chai haijapoa.

Lakini mwaka 1996 pikipiki kama hiyo ilinishinda, au niseme njia ilitushinda sote wawili. Nilitaka kwenda Marsabit. Siku zile, ukiondoka Isiolo, lami ilikwisha na barabara ya changarawe ikaanza, yenye mikunjo kama bati. Nilifika Archer's Post mikono imekufa ganzi, taa ya nyuma imedondoka nisijue wapi. Askari kizuizini waliniambia kwamba magari yaendako huko huandamana kwa msafara na hulindwa kwa bunduki, kwa ajili ya majambazi. Waliitazama pikipiki yangu, wakanitazama mimi, wakacheka. Nikageuza.

Leo mambo ni mengine. Lami ilisogea kidogo kidogo, ikafika Merille, kisha Marsabit, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imeiunganisha Isiolo na Moyale. Na leo kifungua mimba wangu anafundisha shule huko Marsabit, na ana mtoto ambaye nimemwona mara moja tu. Nani asiyeona kwamba safari ile yanidai?

Mtu ataniambia kwamba kwa kuwa sasa kuna lami, hata Yamaha itafika. Ni kweli, itafika. Lakini ikipita kilomita 70 kwa saa huanza kulia, na kutoka Isiolo hadi Marsabit pekee ni zaidi ya kilomita 250 za jua na upepo wa ubavuni, na malori yanayokuja nyuma hayana subira.

Pikipiki za safari ndefu

Aina hii ya pikipiki, iwezayo kwenda mbio kwenye lami na pia kuhimili njia mbovu, haikuwako tangu zamani. Wajuzi wengi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1980, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa R 80 G/S. Mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol alishinda kwa pikipiki ya BMW mashindano ya Paris-Dakar, yaliyopita katika jangwa la Sahara. Hapo ulimwengu ukaamini. Wajapani nao wakaja na zao, na Honda ikaiita yake Africa Twin.

Hata hivyo, Mwingereza Ted Simon alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kati ya mwaka 1973 na 1977, akapita Misri, Sudan, Ethiopia na hapa kwetu Kenya, akiwa juu ya Triumph ya kawaida ya cc 500. Namtaja ili tusije tukadhani kwamba chombo ndicho kisafiricho. Chombo humsaidia tu msafiri.

Hiyo Himalayan niliyoazimwa ni ya India. Jina la Royal Enfield lina asili Uingereza, ambako pikipiki ya kwanza iliuzwa mwaka 1901, lakini tangu mwaka 1955 zilianza kuundwa Madras, mji ambao sasa huitwa Chennai, na huko ndiko jina hilo lilikobaki hai. Himalayan ilitoka mwaka 2016. Nguvu zake ni za farasi 24 hivi, si nyingi kwa pikipiki ya ukubwa wake. Gurudumu la mbele ni refu, la inchi 21, ili lipande mawe bila ya kukwama. Kiti kiko sentimita 80 kutoka ardhini, na mimi nisiye mrefu niliweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Lakini uzito wake, ikiwa na petroli, unakaribia kilo 200. Hiyo ni Yamaha yangu mara mbili.

Kuteremka bondeni

Niliondoka yapata saa kumi na mbili unusu. Nilichagua barabara ya Magadi kwa sababu ina kila kitu: baridi na joto, lami na mashimo, kona na mchanga. Kiserian nilijaza tangi mpaka juu ili nipate kupima ulaji wake. Kufika Corner Baridi, ambako jina lenyewe latosha kuwa maelezo, upepo wa Ngong ulinipiga kifuani. Yamaha hapo huyumba, nami hujilaza juu ya tangi kama mtu anayejificha mvua. Pikipiki hii haikujali. Ilipita kama kwamba upepo unavuma kwa jirani.

Kutoka hapo barabara huanguka kuelekea Bonde la Ufa. Jijini Nairobi uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Magadi ni kama mita 600 tu. Katika mteremko huo nilijifunza jambo la kwanza. Injini kubwa yenye pistoni moja huzuia mwendo yenyewe ukiachia mafuta katika gia ya tatu, na breki hupumzika. Nilikuwa nimezoea kuteremka hapo nikinusa breki zikiungua. Safari hii nilinusa majani.

Jambo la pili lilikuwa malori ya magadi. Nikiwa na Yamaha hufuata lori moja kilomita nyingi nikila vumbi na moshi, nikiomba Mungu lisimame. Sasa nilikunja mkono kidogo tu, nikalipita, nikarudi upande wangu, na moyo haukwenda mbio. Nakiri, msomaji, kwamba niliimba ndani ya helmeti.

Olorgesailie nilisimama kunywa maji. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey walipochimbua katika miaka ya 1940 mashoka mengi ya mawe ya watu wa kale. Jua lilikuwa limepanda, na hapo nikatambua jambo la tatu, lisilopendeza. Injini ile hupozwa kwa hewa, na katika joto la bondeni mapaja yangu yalikuwa kama yamekaa karibu na jiko. Mwenye kununua na ajue hilo.

Mchangani

Nilifika Magadi, nikala maharagwe kwa chapati, nikageuza. Mpaka hapo msala ulikuwa umeushinda mbacha kwa kila hali, na kama ningalirudi nyumbani moja kwa moja ningalikuwa nimejidanganya. Swali la mke wangu lilikuwa bado halijajibiwa.

Basi njiani nikaiacha lami makusudi, nikafuata njia ya mifugo inayovuka kijito kikavu. Mchanga ulikuwa wa kina. Kosa lilikuwa langu mwenyewe: nilipoona gurudumu la mbele linapotea, nilishika breki huku usukani umepinda. Nilikuwa nikienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Pikipiki ikalala upande wa kulia polepole, kama ng'ombe anayetafuta kivuli, nami nikalala kando yake. Sikuumia. Lakini kimya kilichofuata sitakisahau.

Niliizima, nikashika usukani kwa mikono yote miwili, nikavuta. Haikutikisika. Nikavuta tena mpaka mgongo ukatoa sauti. Nikaketi. Nilimwona mke wangu waziwazi, amesimama mlangoni na swali lake.

Kijana mmoja mchungaji wa Kimaasai alitokea na mbuzi zake. "Supa," nikamwambia. "Ipa, mzee," akajibu, akaitazama pikipiki, akatabasamu. Tulishika pande mbili tukaiinua mara moja. Nikamshukuru. Kisha nikamwomba jambo lililomfanya anione mwendawazimu: tuilaze tena, na yeye akae pembeni asinisaidie.

Nilikumbuka maneno aliyoniambia mwenye pikipiki asubuhi, nami nikayapuuza kwa kiburi cha uzee. Nayaandika hapa kwa faida ya wengine. Kwanza, zima injini na utie gia ya kwanza ili magurudumu yasiserereke. Pili, ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi ya kushoto mapema, na mchangani tayarisha jiwe bapa la kuweka chini yake isizame. Tatu, ukunje usukani hadi mwisho ili mkono wake ulio chini usogee karibu na tangi. Nne, ipe pikipiki mgongo. Chuchumaa, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na wa pili ushike keria nyuma. Kisha usivute. Nyoosha mgongo, utazame mbele, na usukume kwa miguu, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma.

Mara ya kwanza viatu viliteleza. Mara ya pili ilipanda nusu, ikarudi. Nikapumzika, nikanywa maji. Kazi ya mifugo ilikuwa imenifunza zamani kwamba mzigo mzito hubebwa kwa miguu, wala si kwa mikono. Nilikuwa nimesahau tu. Mara ya tatu nilichimba visigino mchangani, nikahesabu hatua: moja, mbili, tatu, nne. Ikasimama. Yule kijana alipiga mluzi mrefu, na mbuzi zake zikageuka zote kututazama.

Nilikuwa natetemeka miguu. Nilijua pia kwamba kwa mizigo ya safari nisingaliweza. Ingenibidi kufungua mikoba kwanza na kuiweka kando. Lakini sasa nilikuwa na jibu, tena la kweli.

Uamuzi

Nilirudi Kiserian jioni nikajaza tangi tena. Zilikuwa zimetumika kama lita sita kwa kilomita zipatazo 170. Kwa tangi la lita 15, Isiolo hadi Marsabit haitanipa wasiwasi wa mafuta.

Nyumbani nilimwita mke wangu uani. Nikailaza Himalayan juu ya nyasi mbele yake, nikaipa mgongo, nikaiinua. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Vema. Na maji?"

Hapo ndipo penye uzito kuliko kilo 200. Nilikuwa nimejificha nyuma ya wazo kwamba nitakuwa na pikipiki mbili, kubwa ya safari na ndogo ya kila siku. Lakini pesa za tangi lazima zitoke mahali, na mahali penyewe palikuwa pamesimama chini ya mwembe, pamefunikwa kwa gunia. Juma lililofuata alikuja mtu wa Kiserian anayesambaza maziwa. Aliipiga kiki Yamaha mara moja tu, ikaitika. Hakuuliza mengi, alizitazama keria zote mbili, akapima kwa macho mahali pa kuweka mikebe yake. Nilipoona hivyo nikajua kwamba inakwenda kwa mtu anayeihitaji kuliko mimi. Alipoondoka, moshi wake wa bluu ulibaki langoni kitambo, nami nikabaki nao.

Kwa hiyo, msomaji unayefikiri kubadilisha pikipiki, usinunue kwa kuitazama dukani, wala usidanganywe na lami. Azima kutwa nzima. Ipeleke mahali utakapotaka kwenda, katika joto na mchanga wa huko. Kisha ilaze chini, uiinue peke yako. Ukishindwa, mbachao ungalipo.

Tangi la maji limekwisha kuwekwa. Mvua za vuli zikiisha, Mungu akipenda, nitapita Archer's Post bila kugeuza.