Kioo Hakina Kosa, Pima Macho Kwanza

"Dokta, hiki hakitaniharibia macho?" Swali hili limenichosha. Wanalileta wazee waliotumiwa kifaa cha kusomea vitabu, Kindle, na watoto wao walioko Ubelgiji au Canada. Wanalileta wanafunzi wa kampasi ya Kiriri, Bujumbura, waliochoka kubeba fotokopi. Wanalileta hata wazazi ambao watoto wao hawajawahi kumaliza kitabu, kiwe cha karatasi au cha umeme. Jibu ni hapana. Ila hapana tupu haimtoshi mtu aliyekwisha toa pesa kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu, jirani yangu hapa Kiriri. Mkononi ana Kindle, usoni kavaa miwani ya njano iliyofifia, aliyouziwa mjini kwa ahadi kwamba inakinga "mwanga wa bluu". Nikamtoa barazani saa sita mchana, jua la utosi. "Mzee, hebu weka na simu yako hapa kando." Kioo cha simu kikawa giza tupu. Ukurasa wa Kindle ukazidi kusomeka. Kisha akaanza kuupeleka mkono mbali, mbali zaidi, mpaka kiwiko kikanyooka. Ugonjwa ukajitaja wenyewe: umri.

Simu humulika kutoka nyuma ya kioo. Kifaa cha kusomea vitabu kinatumia wino wa kielektroniki: vidonge vidogo mno, ndani yake chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za rangi inayotakiwa hupanda juu na kuchora herufi, na herufi hubaki pale bila kula umeme tena. Unachokiona ni mwanga wa jua au wa taa unaorudishwa na ukurasa, sawa na karatasi. Hata vile vyenye taa yao, vilivyoenea tangu 2012, taa hutokea pembeni na kumulika ukurasa kwa juu.

Sasa hiyo miwani. Wauzaji wanasema mwanga wa bluu wa vioo unaunguza jicho kwa ndani. Basi wakae barazani Kiriri asubuhi moja, watazame Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Anga lile litawapa mwanga wa bluu mwingi mara nyingi zaidi ya kioo chochote cha mkononi, na sijasikia mtu akiuziwa miwani ya kutazamia ziwa. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 ya miwani hii. Kuhusu uchovu wa macho kwenye kompyuta, walihitimisha kwamba kwa muda mfupi huenda haina tofauti yoyote na miwani ya kawaida. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakiipendekezi. Bado inauzwa, na bado mnainunua.

"Lakini Dokta, macho yanawasha!" Yanawasha kwa sababu umesahau kupepesa. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akizama kwenye maandishi, idadi hushuka sana na jicho hukauka. Misuli inayorekebisha umbo la lenzi nayo haijapumzika kwa saa mbili. Riwaya ya karatasi itakufanyia hivyo hivyo. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Ni bure, ndiyo maana hakuna anayeitangaza. Na wale wanaotia asali machoni: asali ni ya chai. Ukiitia jichoni unaweza kuingiza na vijidudu.

Turudi kwa mzee. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na herufi ndogo za karibu hukimbia. Nilichofanya ni kukuza herufi hatua mbili tu. Akaivua ile miwani ya njano, akasoma aya nzima, mkono umekunjwa kama kawaida yake ya zamani. Hiyo ndiyo faida ya kifaa hiki kwa macho, na karatasi haiwezi kumpa.

Mengine kwa haraka. Umeme ukikatika, chaji hukaa wiki kadhaa ukizima Wi-Fi. Fotokopi za PDF za ukubwa wa A4 ni mateso kwenye kioo cha inchi sita. Tafuta cha inchi kumi au bakia na karatasi. Kifaa cha Kobo kinafungua faili za EPUB moja kwa moja, Kindle inataka uzipitishe Amazon kwanza. Ukinunua kilichotumika, hakikisha mwenyewe ameondoa akaunti yake. Vitabu vya zamani vya Kifaransa vipo bure kwenye tovuti za Gutenberg na Gallica. Vya Kirundi na Kiswahili vingi bado ni vya karatasi, kwa hiyo usigawe rafu yako. Kitandani punguza taa. Kwa macho ya mtoto, mtoe nje acheze, saa mbili kwa siku.

Ukiona mistari inapinda, rangi za upinde wa mvua zikizunguka taa, au jicho moja limefifia ghafla, usilaumu kioo: nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Na aliyevuka miaka 40 apimwe kabla ya kununua kifaa chochote, hata kama haumwi. Presha ya macho mara nyingi haiumi, na uoni inaouchukua haurudi.